Mtu wa Geti Aliyekataa Kutoka

Nyinyi vijana mkitaka kitu kijiendeshe chenyewe mnabonyeza simu. Taa inazima, geti la tajiri linafunguka, kamera inageuka kama kichwa cha bundi. Sawa, siwaonei wivu. Lakini mjue mimi nilifanya mtu wa mbao atoke nyumbani kwake peke yake, hapa hapa Voi, miaka ile ya hamsini, bila stima, bila betri, kwa mkonge wa kwetu Mwatate. Na huyo mtu karibu anirudishe kwenye genge.

Mjukuu wangu anasema nikihadithia naruka kama panzi. Ni kweli naruka. Nifuateni tu, nitatua mahali.

Genge kwanza, maana wengi wenu hamjaliona. Genge ni wale watu wanaotunza reli. Unaamka, unapewa sururu, unapiga kokoto chini ya mataruma ili reli isilale upande. Jua la upande wa Tsavo nyinyi mnalijua mkiwa ndani ya basi. Sisi tulikuwa nalo mgongoni kama mtoto. Chuma cha reli kilikuwa moto, ungekaanga yai, shida ni kwamba hakuna kuku aliyekubali kutufuata huko. Simba walikuwa wanapita asubuhi kutuangalia kama tumenona. Mimi nilikuwa mwembamba, kwa hivyo nilikuwa na amani kuliko wenzangu.

Nilitoka huko kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa nimesoma shule ya msingi kule Bura, mpaka mimi na walimu tukakubaliana kwamba inatosha. Siku moja fundi mkuu wa signali akapita na trole, kile kigari cha reli, akasimama, akauliza genge zima, "Nani hapa anajua kusoma?"

Nikasema, "Mimi, Mistri. Hata nikiwa nimelala."

Akaniangalia kutoka kofia mpaka vidole vya miguu. "Basi panda. Na ukae macho."

Huyo ndiye Mistri Kartar, mistri yaani fundi. Kalasinga, kilemba cheupe, ndevu zimefungwa vizuri kama mzigo wa posta. Alizaliwa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Akinitukana nilikuwa najifunza maneno mapya. Jina langu hakulitumia hata mara moja. Aliniita Mdomo.

Sasa, ndani ya karakana kulikuwa na chumba cha mafunzo, na ndani ya chumba kulikuwa na meza kubwa kama kitanda cha mtu mwenye wake wengi. Juu ya hiyo meza Mistri alikuwa amejenga Voi yote, ndogo. Stesheni, tangi la maji, signali zenye mikono myekundu, mto umepakwa rangi ya buluu, na njia ya reli ya kwenda Taveta inaachana na ile kubwa. Garimoshi lenyewe lilikuwa la chuma, zito, unalitia ufunguo kama saa linazunguka meza. Watu wapya walifundishwa hapo kabla hawajaaminiwa na garimoshi la kweli.

Mahali barabara inakata reli palikuwa na geti, na kando ya geti kibanda, na ndani ya kibanda mtu wa mbao, urefu wa kidole gumba, ameshika bendera ya kijani. Treni ikikaribia, anatoka na kuonyesha bendera. Treni ikipita, anarudi ndani.

Na nani alikuwa anamtoa na kumrudisha? Mimi. Nilikuwa chini ya meza na kamba, nimejikunja kama kuku anayeatamia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya ufundi.

Mtu akikaa chini ya meza, anaona miguu tu, na anasikia watu wazima wakisoma kanuni, shetani anakuja. Mistri akiuliza darasa, "Treni ikikaribia, mtu wa geti anafanya nini?" mtu wa mbao alikuwa anatoka, anarudi, anatoka tena, kama amesahau kofia. Wanafunzi wanajibana wasicheke. Siku nyingine anatoka treni ikiwa imeshapita, pole pole, kama mtu aliyekuwa chooni. Nilikuwa nafurahia sana. Nilidhani Mistri hajui.

Kilichoniponza ni siku aliyokuja Mzee Okumu. Huyu alikuwa mtu wa geti wa kweli, lile geti la barabara ya Taveta. Alitoka kwao Nyanza akiwa kijana akifuata kazi ya reli, akabaki Voi. Mrefu, koti la kazi limefungwa vifungo vyote hadi shingoni katika joto hili la kwetu. Kila treni aliipigia saluti. Ya abiria, saluti. Ya mizigo, saluti. Hata ile ya ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wanamwangalia kwa heshima. Watu wote karakana walimwita yule wa mbao Okumu Mdogo, na yeye alijua, na alikuwa hakatai.

Basi Mistri akauliza swali lake. Nami, bila kujua nani yuko darasani, nikamfanya Okumu Mdogo acheze. Mbele, nyuma, mbele, mbele, nyuma. Darasa likapasuka.

Nikasikia kiti kinasukumwa. Halafu sauti nzito, haina haraka.

"Mistri. Mimi sichezi kazini."

Nikaona kilemba kinashuka taratibu mpaka macho ya Mistri yakawa sawa na yangu.

"Toka."

Nikatoka na utando wa buibui kichwani.

"Kamba ilinasa, Mistri."

"Kamba haikunasa. Mdomo wako umeshuka mpaka mikononi." Akanigeuza niangalie darasa, na Mzee Okumu katikati yake, amesimama. "Mwezi wa kumi na moja Bwana Mkubwa wa signali anakuja kutoka Nairobi kuona chumba hiki. Siku hiyo mtu huyu wa mbao atatoka mwenyewe na kurudi mwenyewe. Hakuna mkono chini ya meza. Utaifanya wewe kazi hiyo, Mdomo. Akitoka, wewe ni wa karakana. Asipotoka, genge liko pale pale ulipoliacha."

Nikasema ndiyo Mistri. Nilipofika nje ndipo nikakumbuka kwamba nimekubali kujifuta mwenyewe ile kazi niliyokuwa nayo.

Sasa sikilizeni ufundi, maana hapa kuna kitu cha kuwafaa hata leo. Nilifikiria hivi: garimoshi lenyewe ni zito, kwa nini lisifanye kazi? Nikakata kipande kidogo cha reli kabla ya geti, nikakiweka juu ya springi, kikawa kinabonyea. Garimoshi likikikanyaga, kinashuka, kinasukuma fimbo chini ya meza, fimbo inavuta kamba, kamba inamtoa mtu. Likitoka hapo, springi inainua reli, na nati niliyoning'iniza nyuma ya kibanda inamvuta mtu arudi ndani. Rahisi.

Jaribio la kwanza garimoshi lilifika kwenye kile kipande, likainama kama ngamia, likaruka reli na kuanguka kwenye mto wa buluu.

Mistri akaangalia. "Umeua abiria wote," akasema, akaenda kunywa chai.

Kosa langu lilikuwa kubonyea kwingi. Nilitaka mtu atembee mbali, kwa hivyo nikaacha reli ishuke sana. Kumbe reli inatakiwa kushuka unene wa kucha tu. Umbali unautafuta kwenye fimbo: upande unaosukumwa na reli uwe mfupi, upande unaovuta kamba uwe mrefu. Reli inashuka kidogo sana huku, kamba inatembea sana kule. Hata zile levya kubwa, fimbo za chuma za kuvutia signali, ziko hivyo. Nilikuwa nazipaka grisi kila siku na sikuwahi kujiuliza kwa nini mkono wake ni mrefu kuliko mimi.

Jaribio la pili treni haikuanguka. Lakini Okumu Mdogo alitoka kibandani kama ameingiliwa na siafu. Bendera ikaruka ikampata Mistri kwenye ndevu.

Mzee Okumu sasa alikuwa anakuja kila saa ya chakula kuangalia maendeleo. Alikuwa anavuta kiti, anakaa mbele ya geti dogo, anaweka kofia kwenye goti.

"Nyathina," akaniita, yaani mtoto wangu kwa lugha ya kwao. "Mimi natoka hivyo?"

"Hapana, Mzee."

"Mtu wa geti hakimbii. Akikimbia, dereva anafikiri kuna hatari, anafunga breki. Abiria wanamwaga chai. Nani atawaambia pole? Wewe?"

Ikabidi nimpunguze mwendo. Nilipata kichupa cha dawa, nikatia oili ya mashine, nikafunga kwenye fimbo kijiti chenye kipande cha ngozi mwishoni, kinazama ndani ya oili. Fimbo ikitaka kuruka, ngozi inakataa, oili inapita pembeni pole pole. Mtu akawa anatoka kama amemaliza kula. Mkiona mlango wa ofisi unajifunga taratibu bila kubamiza, ndani yake kuna kichupa changu.

"Sasa ndio," akasema Mzee Okumu. "Na kofia?"

Nikachonga kofia.

"Bendera iko mkono gani huo?"

Nikabadilisha mkono.

"Na saluti?"

"Mzee, mkono mmoja una bendera, wa pili nimeugundisha mwilini."

Akageuza kofia kwenye goti. "Basi ataonekana ana kiburi. Lakini endelea."

Ikabaki kamba. Hapa ndipo nilipojiona na akili nyingi, na mnisikilize vizuri, maana mtu hawezi kujiharibia kazi vizuri mpaka ajione na akili.

Signali za kweli wakati ule zilivutwa na waya mrefu kutoka kwenye kibanda cha levya. Waya ni chuma. Asubuhi kukiwa na baridi, umekaza. Jua likipanda, unarefuka, unalegea, unavuta levya na signali haiinuki vizuri. Kwa hivyo ilikuwa lazima mtu ausogeze kwa skrubu, aulegeze, aukaze, kutwa nzima anafukuzana na jua. Mistri alitufundisha kuogopa jua kuliko watu wa dini wanavyotufundisha kuogopa moto.

Nami nikasema, ahaa. Sitatumia waya. Nikajaribu uzi wa cherehani, ukakatika. Halafu nikakumbuka mkonge. Mtu wa Taita anaukosaje mkonge? Nikasokota kamba nyembamba, safi, ngumu. Nikaiacha juani ndani ya karakana ya mabati, mchana kutwa. Haikurefuka hata kidogo. Okumu Mdogo akatoka, akarudi, akatoka, akarudi, wiki baada ya wiki. Mistri mwenyewe alisimama kuangalia, na ndevu zake zikasogea kidogo, nadhani ni tabasamu. Nikaanza kutembea karakana kama mwenye mali.

Nilikuwa nimefikiria jua peke yake. Mvua sikuifikiria. Lakini niambieni ukweli, nani hapa Voi hufikiria mvua?

Ikaja. Siku moja kabla ya Bwana Mkubwa kufika, mbingu ikafunguka, mabati ya karakana yakapiga kelele mpaka hatukusikiana, maji yakapita kwenye matundu ya misumari. Kesho yake asubuhi nilifungua chumba nikamkuta Okumu Mdogo amesimama nje, bendera juu, na hakuna treni. Amelala nje. Mkonge ukinywa maji unanenepa, na ukinenepa unakuwa mfupi. Kamba ilikuwa imejivuta, ikamtoa mtu.

Mimi nikaona ni shida ndogo. Nikaingia chini ya meza, nikalegeza fundo, mtu akarudi ndani. Nikatia garimoshi ufunguo nikajaribu. Akatoka vizuri, akarudi vizuri. Nikapangusa mikono. Nikaenda kuchana nywele.

Bwana Mkubwa akafika. Mzungu mrefu, mwekundu, kofia kubwa. Chumba kikajaa, wanafunzi ukutani, watu wa geti wote mbele, Mzee Okumu katikati yao na koti limepigwa pasi. Bwana Mkubwa akaanza kuhutubia. Akahutubia juu ya usalama. Akahutubia juu ya nidhamu. Na nje jua likatoka, lile jua la baada ya mvua linalouma. Mabati yakaanza kulia ta, ta, ta. Watu wakaanza kutoka jasho. Mimi nilikuwa nimesimama kando, natabasamu, na chini ya meza mkonge wangu ulikuwa unakauka polepole, unakonda, unarefuka, unarudi ulivyokuwa. Lakini fundo lilikuwa bado ni la mvua.

"Sasa," akasema Mistri, "treni itapita geti. Tafadhali muone, hakuna mkono chini ya meza."

Akainua kitambaa watu waone. Kweli, hakuna mkono. Akatia ufunguo. Garimoshi likaondoka stesheni, likapita tangi, likafika kwenye kipande changu cha reli. Reli ikashuka vizuri. Fimbo ikavuta vizuri. Kamba ikavuta hewa.

Mlangoni mwa kibanda ikatokea pua. Pua na ncha ya bendera. Zikachungulia. Zikarudi ndani.

Treni ikapita geti bila mtu.

Mwanafunzi mmoja akakohoa kwa kujizuia. Garimoshi likazunguka meza, likarudi tena. Pua ikatoka, ikaingia. Sasa watu ukutani walikuwa wanatikisika. Mistri hakuniangalia. Mimi nilikuwa naisikia sururu mkononi.

Bwana Mkubwa akainama, akaangalia kibanda kwa karibu. Kwa Kiswahili chake akauliza, "Mtu ya geti iko wapi?"

"Niko hapa, bwana."

Mzee Okumu alikuwa amesimama. Akatembea, hana haraka, mpaka mezani. Akasimama kando ya geti dogo, miguu pamoja. Akatoa kwenye koti bendera yake ya kijani, ile ya kweli ya kazi, kubwa kuliko stesheni nzima, akaikunjua na kuishika mbele. Garimoshi lilikuwa linakuja mara ya tatu. Alilitazama kama anavyotazama treni ya kutoka Mombasa. Lilipofika getini akalipigia saluti.

Na Bwana Mkubwa, kwa mazoea ya miaka, akainua mkono akaijibu.

Hapo ndipo chumba kiliposhindwa. Watu walicheka mpaka wakashikana. Bwana Mkubwa mwenyewe alitazama mkono wake ulipo, akaushusha, uso ukazidi kuwa mwekundu, naye akacheka. Mzee Okumu peke yake hakucheka. Alingoja ufunguo wa garimoshi uishe, likasimama, akakunja bendera, akarudi kwenye kiti.

Halafu Bwana Mkubwa akauliza nani ametengeneza, na kwa nini mtu hakutoka.

Mimi nilikuwa na uongo mwingi tayari. Springi ya Nairobi ni mbovu. Panya amekula kamba. Okumu Mdogo ana homa. Nilifungua mdomo, nikaona Mzee Okumu ananiangalia, vifungo vyote vimefungwa, na ule uongo wote ukanikwama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilikwepa waya kwa sababu ya jua. Nikatumia mkonge. Mkonge unaogopa mvua. Asubuhi nilifunga fundo la mvua, na sasa ni jua. Ilitakiwa niangalie tena kabla ya treni. Nilikuwa nachana nywele."

Mistri akamtafsiria. Sijui kama alitafsiri na nywele. Wakaongea Kiingereza kidogo, Bwana Mkubwa akavaa kofia, wakatoka.

Ngoja hapo niwape dawa, kabla sijasahau. Mama yangu, ambaye kazi yake ilikuwa kusuka vikapu, nilipomweleza habari hii alicheka mpaka akakaa chini. "Ulifunga mkonge mkavu bila kuupaka nta?" Kwake ilikuwa kama kupika ugali bila maji. Unachukua nta ya nyuki, unapitisha kamba ndani yake mpaka ing'ae, maji hayaingii. Mimi nilizaliwa katika hiyo nyumba, nikalala juu ya hivyo vikapu, na sikuwahi kumwuliza. Nilikuwa nauliza wazungu mambo ya springi.

Basi. Jioni ile Mistri hakuniambia neno. Nikaenda landi, zile nyumba zetu za reli, nikakunja blanketi, nikafunga sufuria yangu kwa kamba ya mkonge, maana ndiyo niliyokuwa nayo. Asubuhi nikaja karakana nimebeba mzigo kabisa, nisimsumbue mtu kunifukuza.

Mistri alikuwa mlangoni mwa stoo. Stoo yetu ilikuwa na kuta mbili za vyombo: upande mmoja sururu na makoleo ya magenge, upande wa pili spana na makopo ya grisi ya karakana. Akaangalia blanketi. Akaangalia sufuria.

"Unahama?"

"Mtu hakutoka, Mistri."

"Nilimwona." Akaingia stoo. Nikasikia vyuma vinagongana, na kutoka pale nje sikuweza kujua ni ukuta upi. Nikahesabu makosa yangu yote tangu kuzaliwa, nikawa bado nahesabu alipotoka.

Akaniwekea mkononi spana.

"Juzi mvua, jana jua," akasema. "Waya wa signali ya upande wa Taveta umelegea. Mtu aliyeumia kwa jambo hilo mbele ya Bwana Mkubwa hatasahau kuuangalia. Weka hiyo sufuria chini, uende."

Nikaweka sufuria chini. Mdomo ukarudi wenyewe.

"Na nikimaliza kuukaza, Mistri?"

"Ukimaliza jua litakuwa limepanda. Utaanza upya."

Nikaanza upya siku hiyo mchana, na jioni, na kesho yake. Nikaendelea kuanza upya mpaka waliponipa barua ya kustaafu, na hata siku hiyo, vijana, nilichelewa kwenye sherehe kwa sababu kulikuwa na jua.